Upupu na nguvu za kiume: sayansi inasemaje?

Mkulima yeyote wa Rufiji anaujua upupu. Maganda yakishakauka, upepo ukivuma kidogo tu, unajikuna mpaka machozi yanakutoka. Kinachowasha ni protini iliyomo kwenye vile vinyweleo vya ganda. Sasa, cha ajabu ni hiki: kule India mmea huohuo ni dawa maarufu ya wanaume.

Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, ina matawi 8, na moja, vajikarana, linahusu nguvu za kiume na uzazi. Mbegu za upupu huchemshwa kwenye maziwa, zikamenywa, zikakaushwa, zikasagwa.

Je, zinafanya kazi? Ndani yake kuna levodopa, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Pakinsoni. Mwilini inageuka kuwa dopamini, ambayo inahusika na hamu. Mwaka 2009 watafiti wa Lucknow waliripoti kwamba wanaume wenye shida ya uzazi waliotumia unga huo miezi 3 waliongezeka mbegu na homoni ya testosteroni. Lakini hapakuwa na kundi lililopewa dawa bandia ili kulinganisha. Tena huo ni uzazi. Uume kusimama ni habari nyingine.

Uume kusimama ni suala la mishipa ya damu. Ubongo unatuma ishara, mishipa inalegea, damu inajaa. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, ya moyo 3 hadi 4. Kisukari, presha na sigara vikianza kuiharibu, ile myembamba ndiyo inayolalamika kwanza. Moyo unaweza kufuata miaka michache baadaye.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee wa Mbwera akipanda boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, akanunua chupa ya dawa akarudi zake, huenda amezima king'ora na moto bado unawaka.

Na chupa yenyewe je? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwingineko dawa za "mitishamba" zimekutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, ile ya Viagra. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitreti akinywa hiyo, presha inaweza kushuka ghafla akafa.

Hatusemi tiba asili ni uongo. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua, na Muhimbili wanaitafiti tangu 1974. Tunachosema: kabla ya chupa, pima presha na sukari. Ukienda kwa daktari, mtajie kila unachokunywa, usione haya. Na upupu wa shambani, tafadhali, usijaribu kujitengenezea.