Mtoto Avunjikapo Kiwiko

Mtoto aangukapo kutoka juu ya mwembe hunyosha mkono ili kujikinga. Uzito wa mwili hupokelewa na kiganja, na mkono ulionyooka hupindwa kinyumenyume penye kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi. Ncha ya mfupa wa kigasha hukita kama mtaimbo nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, nao huvunjika kidogo juu ya kiungo.

Mfupa huo ni mviringo kama mpini wa jembe, lakini ukaribiapo kiwiko hutandaa na kuwa bapa. Hapo pana vishimo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, vilivyotenganishwa na ukuta mwembamba sana wa mfupa. Ndipo mahali dhaifu, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7.

Mfupa wa mtoto huunga upesi, kwa majuma matatu au manne tu. Hatari kubwa imo katika vilivyo jirani nao. Mshipa mkuu uletao damu mkononi, pamoja na neva, hupita mbele tu ya mahali hapo, na kipande cha juu chenye ncha kali husukumwa kuelekea huko huko. Uvimbe nao hubana. Misuli ikikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa. Baadaye hugeuka kovu lisinyaalo na kuvikunja vidole daima. Mwaka 1881, Richard von Volkmann, mpasuaji wa Halle, Ujerumani, alieleza ulemavu huo na kuuhusisha na bandeji zilizokazwa mno.

Basi mabanzi ya fito yafungwayo kwa nguvu na waunga mifupa huweza kuleta madhara hayo. Lakini plasta ya hospitali iliyozungushwa juu ya kiwiko kinachoendelea kuvimba huweza kuyaleta vile vile. Kosa si banzi, kosa ni kukaza. Mwalimu aliye karibu na ajali asiunyoshe mkono wala kuukunja, bali autegemeze kwa kitambaa kama ulivyo, na mtoto apelekwe hospitali. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au maumivu yakizidi vinaponyoshwa taratibu, kila kilichofungwa kilegezwe mara moja.

Mfupa uliopata ufa bila kuhama huhitaji plasta pekee. Uliohama hurudishwa mahali pake mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Zamani kiwiko kilikunjwa sana ndani ya plasta ili vipande visiteleze, na mkunjo huo huo ndio uliozidi kubana mshipa. Siku hizi mpasuaji, akitazama kwa eksirei, hupitisha katika ngozi sindano mbili au tatu za chuma, zenye unene wa milimita mbili hivi, zilizotokana na kazi ya Martin Kirschner ya mwaka 1909. Sindano zikishika mfupa, kiwiko huweza kuachwa kimelegea, na damu hupita. Wengi huziingiza zote kwa upande wa nje, kwa kuwa upande wa ndani hupita neva, ile iletayo mshtuko mtu ajigongapo kiwiko. Nyama hufunguliwa tu mfupa ukikataa kurudi, au mshipa ukiwa umenaswa.

Kurudisha mfupa sawasawa kuna sababu nyingine. Takriban asilimia 80 ya urefu wa mfupa huo huongezeka upande wa bega, na 20 tu kiwikoni. Kwa hiyo mkono ulioungika umepinda upande hausahihishwi na ukuaji. Mtoto hukua nao, isipokuwa mfupa ukatwe tena na kunyoshwa.

Sindano huchomolewa baada ya majuma matatu au manne, mara nyingi bila nusukaputi. Kiwiko huwa kigumu, na wazazi hushawishika kukikanda au kumbebesha mtoto ndoo ya maji ili kinyoke. Kulazimisha huko huumiza misuli na huweza hata kuotesha mfupa ndani yake. Mtoto aachwe atumie mkono wake mwenyewe, kwa kula, kuoga na kucheza, nao hulainika kidogo kidogo kwa majuma na miezi.