Wameikataa Kazi Yangu, Nifanyeje?

Leo tuongelee jambo ambalo vijana wengi wanalificha: kukataliwa. Siyo kukataliwa na mpenzi, hilo limeshasemwa sana. Nakusema wewe wa Madimba unayechora nyuma ya daftari la Jiografia, au mwenzako wa Msimbati aliyetunga wimbo, akakopa nauli hadi Mtwara mjini, halafu akaambiwa, "Bado dogo, rudi ukajipange." Akifika nyumbani baba anasema, "Si nilikwambia ushike kitabu?" Usiku usingizi hauji. Anajiuliza: hivi mimi nina kipaji kweli, au najidanganya?

Kwanza elewa kwamba maumivu hayo siyo ya kujidekeza. Mwaka 2003 watafiti huko Marekani walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Katikati ya mchezo wakaacha kurushiwa mpira. Basi! Sehemu ya ubongo iliyofanya kazi zaidi ni ile inayohusika pia mtu anapoumia mwili. Kama kunyimwa mpira wa kwenye kompyuta kunauma hivyo, sembuse wimbo uliokesha ukiutunga?

Tatizo linakuja baadaye. Mtu amesema "kinyago hiki hakifai". Wewe ukifika nyumbani umeshageuza maneno: "mimi sifai". Hayo mawili siyo kitu kimoja. La kwanza linahusu kipande cha mti. La pili umelitunga mwenyewe, tena bila ushahidi.

Wazee wetu Wamakonde wanalijua hili. Mchongaji Samaki Likankoa alitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, akaja kuchonga Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 kinyago chake kimoja kilikatika mkono. Mpingo ukikatika haurudi, na kwa kawaida kazi kama hiyo mnunuzi haipokei. Yeye akakipeleka hivyo hivyo kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago. Peera akakipenda, akamhimiza aendelee kwa njia hiyo. Ndipo ulipokua ule mtindo wa mashetani, wenye viungo vilivyopinda na macho yaliyokaa kombo, ambao leo watalii wanautafuta.

Na George Lilanga, mtu wa mkoa huu huu, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934? Alipofika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, aliajiriwa kama mlinzi. Ndiyo, mlinzi wa usiku! Vinyago alikuwa akichonga tayari, ila mshahara ulikuwa wa kulinda. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, akiwa na miaka 44. Hesabu mwenyewe, halafu uniambie kama wewe wa kidato cha pili umechelewa.

Sisemi kila kazi iliyokataliwa ni nzuri. Nyingine ni mbovu, tusidanganyane. Kwa hiyo machungu yakipoa, labda baada ya siku mbili tatu, mrudie aliyekataa, umwulize kwa adabu: "Shikamoo mzee, ni wapi pameharibika?" Akikuonesha vina vilivyogongana au mahali ambapo patasi imezama mno, umepata kazi ya kufanya kesho. Akishindwa kueleza, huenda haikumpendeza tu. Mwulize fundi mwingine. Rafiki yako anayesema "kali sana" kila siku ni mzuri kwa kukutia moyo, lakini hakufundishi kitu.

Sasa tuje kwenye la hatari, na hapa nataka dada zangu wanisikilize vizuri, na kaka pia. Mtu aliyetoka kukataliwa ana njaa ya kusikia "unaweza". Kuna watu wazima wanaijua njaa hiyo. Atakwambia ana studio, anawajua watangazaji, sauti yako ni ya pekee, njoo gesti tuzungumze. Wimbo haurekodiwi gesti! Mwenye kazi halali atakubali uje mchana, na mama au shangazi yako. Akikasirika kwa sababu hiyo, umeshamjua. Mtu mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Aliyekosea ni yeye. Hata kama ulikwisha kwenda, wewe siyo wa kulaumiwa.

Wengine wanakimbilia gongo au bangi, eti zinaleta mashairi. Zinaleta usingizi na deni.

Huzuni ya kukataliwa kwa kawaida hupungua siku zinavyokwenda. Lakini ikipita wiki mbili huli vizuri, hulali, hata mpira au ngoma uliyoipenda huitaki tena, hiyo imevuka mpaka. Nenda zahanati ukaeleze kama vile unavyoeleza homa. Na ukianza kufikiria ni bora ufe, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na huhitaji kuwa na vocha.