Hadithi Fupi Yaweza Kulipa Kodi ya Nyumba?

Idza Luhumyo, mwandishi wa Kenya mzaliwa wa Mombasa, ana hadithi moja iliyoshinda mara mbili. Mwaka 2021 "Five Years Next Sunday" ilimpatia tuzo ya Short Story Day Africa na ikachapishwa katika mkusanyiko uitwao Disruption. Mwaka 2022 hadithi hiyo hiyo ikanyakua Tuzo ya Caine, ambayo donge lake ni pauni 10,000.

Wengi husikia habari kama hiyo wakadhani ni bahati nasibu. Kumbe Tuzo ya Caine haipokei miswada. Inataka hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na anayeiwasilisha ni mchapishaji, si mwandishi. Maana yake, shindano la kwanza, ambalo halina kishindo kikubwa, ndilo linaloweza kufungua njia ya la pili. Kwa maoni yangu faida ya mashindano iko hapo: hadithi ni mali, na mali huweza kukulipa zaidi ya mara moja ukiitunza.

Tupige hesabu. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haitozi ada. Hupokea hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000, na huwapa washindi wa kanda zake tano pauni 2,500 kila mmoja, huku mshindi wa jumla akipata pauni 5,000. Miaka ya karibuni imekuwa ikipokea hadithi zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Gawa kwa tano uone. Anayekopa leo kwa kutarajia tuzo ya kesho anajitafutia ugomvi na mwenye nyumba.

Hesabu hiyo hata hivyo inachukulia kwamba hadithi zote huingia uwanjani zikiwa sawa, na haziko sawa. Aliyewahi kukaa na wasomaji wa awali anajua ni ngapi huanguka kwa mambo ya kizembe: jina la mwandishi limeandikwa juu ya muswada wakati masharti yanataka lisionekane, maneno ni 5,300 na ukomo ni 5,000, au hadithi iliwekwa Facebook zamani, na shindano lenyewe huhesabu huko ni kuchapishwa. (Mengine huruhusu ukurasa binafsi wa mwandishi. Soma masharti, usimuulize rafiki.)

Zinazobaki nyingi huangushwa na ukurasa wa kwanza. Saa inalia, mhusika anaamka, anapiga mswaki, anachemsha chai, anaangalia mvua dirishani. Ukurasa wa tatu ndipo tunaambiwa mumewe hajarudi tangu juzi na simu yake inapokelewa na mtu mwingine. Hadithi inaanzia kwenye simu hiyo! Kurasa mbili za mswaki na chai ni za mwandishi kujipasha moto, na angezifuta kabla ya kutuma. Msomaji mwenye rundo la miswada mezani hasubiri ukurasa wa tatu. Vivyo hivyo mwisho wa "kumbe ilikuwa ndoto", na ule wa babu anayejitokeza kutoa mawaidha.

Sasa ada. Mashindano mengi ya Uingereza na Marekani hutoza, hata yenye heshima kama lile la Bridport la Uingereza, lililoanza mwaka 1973 na ambalo zawadi yake ya kwanza ni pauni 5,000. Kutoza ada si wizi. Waamuzi nao wanakula. Lakini shindano likitoza pauni 15 kwa zawadi ya pauni 500, watu mia tatu tu wataleta pauni 4,500, na una haki ya kujiuliza zinazobaki zinakwenda wapi. Kipimo changu ni kwamba ada isizidi asilimia moja ya zawadi ya kwanza. Na kwa anayeanza, yapo ya bure ya kutosha.

Ada mbaya hukupotezea fedha mara moja. Kifungu kibaya cha haki hukupotezea hadithi milele. Kisome kabla hujatazama zawadi. Ukikuta kimeandikwa kwamba kila anayewasilisha kazi amewapa waandaaji haki zote za kudumu, funga ukurasa. Angalia hilo neno "kila": hawasemi mshindi. Walioshindwa nao wametoa hadithi zao bure, na kesho hadithi yako ikigeuzwa mchezo wa redio au kuingizwa katika kitabu cha shule, utazisikia habari zake kama jirani. Shindano la maana huomba ruhusa ya kuchapisha kazi za washindi tu, kwa muda unaojulikana, kisha haki hurudi kwako.

Kwa anayeandika Kiswahili uwanja ni mwembamba. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Tanzania zimefanya kazi kubwa, ila zimejengwa zaidi juu ya miswada ya ukubwa wa kitabu. Zamani nako ilikuwa hivyo: Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Tuzo ilikuwa moja, ila mpelelezi wake, Bwana Msa, aliendelea kupeleleza kitabu baada ya kitabu hadi miaka ya 1980.

Kama kazi ya kutegemea mwisho wa mwezi, basi, mashindano hayalipi. Kama sehemu ya biashara ya mwandishi mwenye hadithi kadhaa zilizokamilika na haki zake mkononi, yanalipa.

Pa kuanzia pazuri ni tuzo ya Jumuiya ya Madola, kwa sababu ni ya bure na inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Zinazofika mbele hutafsiriwa kwa ajili ya waamuzi. Ni lazima uwe raia wa nchi mwanachama mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Burundi na Kongo hazimo. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa tarehe 1 Novemba.