Nyasi za Milima ya Masisi

Mtu atokaye Walikale kwenda Masisi hupanda milima. Walikale ni nchi ya msitu na joto. Sehemu yake kubwa haifiki mita 1,000 juu ya bahari. Vilima vingi vya Masisi hupita mita 2,000, na asubuhi mchungaji hujifunika blanketi. Nyasi nazo hubadilika njiani. Kule chini, kando ya mito, husimama matete marefu kuliko mtu mzima. Kule juu malishoni, nyasi ni fupi, nene kama mkeka.

Nyasi hizo fupi huitwa kikuyu, kwa jina la Wakikuyu wa Kenya. Jina hilo halitoshi, kwa kuwa nyasi hizo ni wenyeji wa milima ya Kongo pia. Shina lake halisimami, bali hutambaa, juu ya udongo na chini yake, na kila kifundo hutoa mizizi. Ng'ombe hula majani. Shina hubaki salama. Katika milima ya Kenya, sakitu ya alfajiri huunguza majani, lakini shina lililo chini ya udongo huchipua tena.

Je, nyasi hizo zina maua? Watoto wengi husema hazina. Na watazame alfajiri mahali ng'ombe walipokula mpaka chini: wataona nyuzi nyembamba, nyeupe, zinang'aa kama fedha. Hayo ndiyo maua. Mbegu zake hufichwa ndani ya majani, karibu na udongo. Ng'ombe huzimeza, kisha hutoka katika samadi zikiwa hai.

Basi nyasi huzaa kwa njia mbili, na njia hizo hazifanani. Kipande cha shina kikipandwa, huwa sawasawa na mama yake. Mbegu ni kama watoto wa nyumba moja: hufanana, lakini mmoja ana jani pana, mwingine hustahimili baridi zaidi. Penye baridi kali, wale wastahimilivu huacha wazao wengi. Nchini Kenya wataalamu walitenga aina tatu, wakaziita Molo, Kabete na Rongai. Ile ya Molo, mahali pa juu penye baridi, ina majani membamba. Ile ya Rongai ina majani mapana na mashina manene.

Mwaka 1919 mbegu za kikuyu kutoka Kongo, iliyotawaliwa wakati ule na Wabelgiji, zilipelekwa Australia. Zilienea sana malishoni. Baada ya miaka mingi ukaingia ugonjwa: majani yakawa ya manjano, mizizi ikaoza. Wataalamu walitafuta nyasi za kikuyu za ukoo mwingine, wakapata zilizoweza kuustahimili.

Huko Masisi watu wengi huishi kwa maziwa na jibini iuzwayo Goma. Mtu akipanda kilima kizima kwa vipande vya shina moja, kilima hicho ni kama mmea mmoja tu. Ugonjwa ukiweza kipande kimoja, umeviweza vyote. Lakini katika malisho ya zamani wamo ndugu wengi. Mvua ikinyesha, samadi kavu hupasuka, na katikati yake hutokea chipukizi jembamba, jani lake pana kidogo kuliko la jirani yake.