SILANGA LA BABU: RAFIKI AU ADUI?

Tangu darasa la kwanza tumeimbiwa kwamba maji ni uhai. Ni kweli. Lakini usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la mtu binafsi kule Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hivyo nisikilizeni, kwani hata kwetu Machakos babu ana silanga dogo, na chini yake wanakaa majirani.

Silanga si shimo tu. Kwanza kuna tuta. Hili hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka. Msingi wake huwa ni mtaro uliochimbwa hadi kwenye udongo mgumu ili maji yasipenye chini kwa chini. Pande zake hulala. Tuta lililosimama wima huporomoka.

Pili kuna njia ya maji ya ziada. Huu ni mfereji mpana kando ya tuta, ulio chini kuliko kilele chake. Hapo ndipo penye roho ya silanga! Maji yakipita juu ya tuta la udongo huanza kulimega, na baada ya muda mfupi hamna tuta tena.

Tatu kuna nyasi. Hizi hushika udongo. Miti haifai, maana mizizi ikioza huacha vishimo, na maji hayahitaji mwaliko.

Sasa nikiri kosa. Babu alitaka maji mengi zaidi ya kumwagilia sukuma, basi tukaziba ule mfereji kwa magunia ya udongo. Mimi mwenyewe niliyabeba. Mvua ya Aprili 2024 ilipokuja, maji yalibakisha kama futi moja tu kufika kileleni. Nilipozunguka nyuma ya tuta nikaona maji yakichuruzika, rangi yake kama chai ya maziwa.

"Hilo ni jasho la silanga tu, mjukuu wangu," babu akasema.

"Lakini babu, jasho halina matope."

Alinyamaza kidogo, kisha akachukua jembe. Maji safi yakivuja kidogo, unayachunguza. Yakiwa na matope, jua kwamba udongo wa ndani unabebwa na tundu linapanuka. Tuliwaambia majirani wahame, wakalala kanisani. Sisi tukaondoa magunia moja moja, ili maji yasitoke kwa kishindo. Kufikia asubuhi yalikuwa yameshuka. Tuta lilisimama.

Afisa wa maji alipokuja alituagiza tumwage mchanga na kokoto pale palipovuja, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Tena tuzibe mashimo ya fuko na tung'oe miti michanga. Kisha akamuuliza babu kibali, kwani Sheria ya Maji ya 2016 inakidai. Babu akakuna kichwa.

Ndugu zangu, kama kwenu kuna silanga, likizo hii lizungukeni. Tazameni mfereji, tazameni nyuma ya tuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa silanga ukienda, hauendi peke yake.

Mwanachama, Kidato cha Tatu