Je, Kidonge Kinaweza Kutembea Badala Yetu?

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumeketi chini ya mwarobaini wa kanisa letu hapa Tanga, tukiwapima akina mama presha na sukari kama tufanyavyo kila mwanzo wa mwezi. Ikafika zamu ya mama mmoja wa Ngamiani mwenye umri wa miaka 58. Kipimo cha sukari kikasoma 19. Tukarudia kwa kidole kingine, kikasoma vile vile. Mama huyu tunamfahamu vizuri. Ana kisukari kwa miaka sita sasa, na hajawahi kupanda kiasi hicho.

"Shikamoo mama. Dawa zako unameza?"

"Marahaba mwanangu. Zile za hospitali nimeziweka kando, huu mwezi wa pili. Siku hizi nina hizi."

Akafungua mkoba wake, akatoa kopo dogo la plastiki lenye vidonge vyeupe. Alinunuliwa na mkaza mwanawe, kutoka kwa mtu anayetangaza biashara kwenye simu. "Ati ukimeza hivi ni sawasawa na mtu aliyefanya mazoezi. Na mimi sista, magoti haya yananiuma, siwezi kukimbia kama vijana. Nikasema, Mungu amenisikia."

Tuligeuza kopo lile huku na huku. Halikuwa na jina la kiwanda, halikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, wala maelezo ya kilichomo ndani. Hatukumgombeza mama. Tuliita bajaji tukampeleka hospitali mchana ule ule, naye tunashukuru aliwahi.

Lakini njiani kurudi tuliendelea kujiuliza. Je, dawa ya namna hiyo ipo kweli, au ni uongo mtupu wa wafanyabiashara? Akina mama wengi wametuuliza swali hilo tangu siku ile, nasi tumeona vema kulijibu hapa.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA UANI

Ukweli ni kwamba wazo lenyewe si la kubuni. Wataalamu wanaheshimika wanalifanyia kazi. Ili tulielewe, hebu kwanza tuangalie mazoezi yanafanya nini mwilini.

Nyumba zetu za pwani zina mlango wa mbele na mlango wa uani. Msuli nao una njia mbili za kupokea sukari kutoka kwenye damu. Mlango wa mbele hufunguliwa na insulini. Kwa mtu mwenye kisukari cha ukubwani, kitasa cha mlango huu kimekuwa kigumu. Insulini inabisha lakini mlango haufunguki vizuri, na sukari inabaki ikizunguka kwenye damu. Lakini msuli unapofanya kazi, kwa kutembea, kulima, kutwanga au kuendesha baiskeli, hufungua mlango wa uani wenyewe, bila kuingojea insulini. Ndiyo maana sukari hushuka mtu anapotembea, na faida hiyo huweza kuendelea kwa siku moja au mbili baadaye.

Ndani ya msuli kuna protini inayoitwa AMPK. Kazi yake inafanana na ya mama anayechungulia mtungi wa mchele. Akiona umekaribia kwisha, hutuma mtoto dukani na kuwaambia watu wabane matumizi. AMPK ikihisi nishati inapungua, huamrisha sukari iingie na mafuta yaunguzwe. Wataalamu wakajiuliza: Je, tunaweza kuiamsha AMPK kwa dawa, mtu akiwa amekaa tu?

PANYA WALIOKIMBIA BILA MAZOEZI

Mwaka 2008 Profesa Ronald Evans na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, Marekani, walitoa matokeo yaliyoshangaza wengi. Waliwapa panya dawa iitwayo AICAR kwa majuma manne, bila kuwafanyisha mazoezi yoyote. Panya hao walipowekwa kwenye mashine ya kukimbilia, walikwenda umbali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 44. Dawa ya pili, GW501516, ilipotolewa pamoja na mazoezi, iliongeza umbali kwa karibu asilimia 70. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba kidonge cha mazoezi kimepatikana.

Akina mama wapendwa, tusiishie hapo. Kampuni ya GlaxoSmithKline, iliyokuwa ikiitengeneza GW501516, ilikwisha kuiacha mwaka 2007, kwa sababu wanyama waliopewa dawa hiyo kwa muda mrefu walipata saratani katika viungo mbalimbali. Hata hivyo watu wasio waaminifu waliendelea kuiuza kichinichini kwa wanamichezo. Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, liliziweka dawa zote mbili katika orodha ya zilizokatazwa mwaka 2009. Mwaka 2013 likatoa onyo la pekee juu ya GW501516, kwamba ni hatari kwa afya.

Utafiti haukukoma. Mwaka 2023 Profesa Thomas Burris wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walieleza juu ya dawa nyingine, SLU-PP-332. Panya wanene waliopewa dawa hiyo walipungua uzito ingawa walikula kama kawaida na hawakuongezewa mazoezi. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni habari ya panya. Hadi tunapoandika haya, hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa kwa binadamu ili ichukue nafasi ya mazoezi. Anayekuuzia kidonge hicho leo, ama anakudanganya, ama anakupa kitu kinachoweza kukudhuru.

WANATAFUTIWA NANI?

Wapo wanaosema wataalamu hawa wanawatafutia dawa watu wavivu. Sisi wauguzi hatusemi hivyo. Tumewahudumia wagonjwa wa kiharusi wasioweza kujigeuza kitandani, tukiwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Tumeona mapaja ya mgonjwa yakikonda katika siku chache tu za kulala. Tumewaona bibi zetu waliovunjika nyonga, na watoto waliozaliwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Watu hawa hawawezi kutoka asubuhi kwenda kutembea. Ikipatikana dawa salama ya kuwatunzia misuli, tutaipokea kwa shukrani.

Lakini sisi tunaoweza kusimama na kutembea tuna kitu ambacho wao wanakitamani. Tusikiache kwa sababu ya kopo lisilo na jina.

KIDONGE TULICHO NACHO

Ipo dawa moja ya zamani ambayo ni kama jamaa wa karibu wa vidonge hivi vinavyotafutwa. Ni metformin, ile ambayo mama yetu wa Ngamiani aliiweka kando. Chanzo chake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Hupunguza sukari inayotengenezwa na ini, na baadaye wataalamu waligundua kwamba nayo huiamsha AMPK.

Je, kati ya dawa hii na kutembea, kipi kina nguvu zaidi? Swali hilo lilipimwa huko Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda, lakini hawajaingia kwenye kisukari, waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipewa metformin. Jingine lilifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kidogo, na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma. Kundi la tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Baada ya miaka karibu mitatu, metformin ilikuwa imepunguza waliopata kisukari kwa asilimia 31 kuliko wale wa vidonge vitupu. Chakula cha kiasi na kutembea vilipunguza kwa asilimia 58.

Tafadhali tusieleweke vibaya. Watu wale hawakuwa bado na kisukari. Wewe uliyekwisha kuambiwa una kisukari, usiache dawa yako hata siku moja kwa sababu umeanza kutembea. Dawa na miguu vifanye kazi pamoja, na ni daktari tu atakayepunguza kipimo.

Kwa nini kutembea kuna nguvu hivyo? Kwa sababu kidonge hubisha mlango mmoja, lakini kutembea huamsha nyumba nzima. Moyo huimarika, presha hushuka, mifupa hupata nguvu, usingizi huja, na mawazo hupungua.

TULIVYOKUWA NA TULIVYO

Kaskazini mwa nchi yetu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, wanaotafuta chakula chao porini. Watafiti waliowapima na kutoa matokeo mwaka 2017 waliwakuta, wanaume kwa wanawake, wakifanya kazi za kutokwa jasho zaidi ya saa mbili kila siku, na wenye presha ya juu walikuwa wachache hata miongoni mwa wazee.

Huku kwetu bibi zetu walitwanga, walichota maji, walitembea kwenda shamba. Hata leo akina mama wanaolima mwani katika pwani yetu hushinda wakiinama na kutembea majini maji yanapokupwa. Na mji wetu wa Tanga umejulikana miaka mingi kwa baiskeli, hata akina mama wakiendesha. Lakini sisi wa mjini sasa tunapanda bodaboda kwenda sokoni Mgandini, na jioni tunakaa. Hatusemi tuvirudishe vinu na ndoo za kisimani. Tunasema mwili haujui kwamba zama zimebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na asilimia 9 wana kisukari.

"Lakini watu watasema," mama mmoja alituambia, "mtu mzima anatembea jioni bila safari!" Mwingine alisema mumewe alimwuliza anakwenda kumwona nani. Haya si mambo madogo katika ndoa. Tunashauri umweleze mwenzako ulichoambiwa hospitalini, kisha umwombe mtembee pamoja. Huenda na yeye presha yake haijapimwa. Kama hawezi, tafuta jirani au wenzako wa kikundi.

UANZEJE?

1. Pima kwanza presha na sukari. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayesikia maumivu ya kifua, amwone daktari kabla ya kuanza.

2. Anza na dakika 10 kwa siku. Ongeza polepole hadi dakika 30, siku tano kwa juma. Hizo ndizo dakika 150.

3. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba.

4. Chagua alfajiri au jioni. Joto la Tanga la mchana si la kuchezea. Kunywa maji.

5. Mwenye kisukari asitembee pekupeku ufukweni. Miguu yake huweza kuwa na ganzi, akachomwa na kombe au mwiba bila kujua. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku kagua nyayo.

6. Anayechoma insulini, au kumeza vidonge vya kushusha sukari, achukue pipi au sukari mfukoni. Ukisikia kutetemeka, jasho jembamba na kizunguzungu, kaa chini uile mara moja.

7. Magoti yakiuma, tembea mahali tambarare, au keti kitini unyooshe na kukunja miguu mara kumi kumi. Kusimama na kuketi tena bila kushika kitu nako ni zoezi.

8. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa. Ukiwa na wasiwasi na dawa yoyote, ionyeshe kituo cha afya au uiulizie kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

MAMA YETU ANAENDELEAJE?

Msomaji atataka kujua habari za mama yule. Alilazwa siku nne. Mkaza mwanawe alikuja kutuona akilia. Fedha za kopo lile alikuwa amezitoa katika akiba yake ya kushonea nguo, kwa kumpenda mama mkwe. Tulimwambia kwamba upendo wake haukuwa kosa. Kilichokosekana ni kuuliza kwanza.

Sasa mama amerudia dawa zake za hospitali. Jioni, jua likipungua, hutoka na mkaza mwanawe, na mara nyingi jirani yao, bibi mmoja wa Kiislamu mwenye presha, huungana nao. Wanakwenda taratibu hadi kwenye kona ya kanisa, wanapumzika kwenye benchi, kisha wanarudi. Mwezi uliopita chini ya mwarobaini kipimo kilisoma 8. Magoti bado yanamsumbua kidogo, naye hafichi. Ila alituomba jambo moja: tuweke kiti kimoja zaidi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kwa sababu anamleta mumewe apimwe.