Unatuma Hela ya Fensi? Uliza Kwanza Kiatu cha Nguzo

Leo tunaacha kidogo mambo ya viwango vya kubadilisha fedha, tunaingia kiwanjani.

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alitutumia picha za kiwanja chake kilichopo Tanga. Miaka mitatu iliyopita alitoa akiba yake akakizungushia fensi ya waya na nguzo za mirunda. Kwenye picha, upande mmoja wote umelala. Waya bado mzima, miti kwa juu bado migumu, ila kila nguzo imekatika pale pale inapoingia ardhini. Mbuzi wa jirani wanapita, na jirani mwenyewe ameshapanda mihogo hatua mbili ndani ya mpaka.

Inatuuma zaidi kwa sababu bajeti ile tuliipitia sisi. Ilikuwa na mstari mmoja, "nguzo na ufundi". Jumla ilikuwa sawa, tukasema iko vizuri. Sisi ni wahasibu, tulihesabu hela bila kuuliza nguzo inasimama juu ya nini. Kwa hiyo tulikwenda kujifunza, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Kwa nini nguzo inakatikia chini

Mti ukikaa mkavu unadumu. Ukizama wote kwenye maji pia unadumu, maana wadudu wa kuozesha hawapati hewa. Pabaya ni pale usawa wa ardhi, sentimita chache juu na chini, ambapo unyevu na hewa vinakutana. Hapo ndipo kuoza kunaanza, na mchwa naye anaingilia hapo hapo. Kuumwagia mti zege moja kwa moja hakusaidii sana: mti ukinywea kidogo unaacha mwanya, maji yanaingia na kukaa humo.

Kiatu cha chuma kinaunyanyua mti juu ya ardhi. Chuma kinakaa kwenye zege, mti unakaa kwenye chuma, na chini ya mti panabaki nafasi ya kupita hewa.

Viatu viko vya aina tatu

Cha kwanza ni cha kugongelea. Kina ncha ndefu kama mkuki, unakipigilia kwa nyundo kubwa bila zege. Mlioko Uingereza mmeviona kwenye maduka ya vifaa vya bustani. Ni vya haraka, lakini vinafaa fensi fupi na nyepesi kwenye udongo ulioshikamana. Kwenye mchanga vinayumba, na penye mawe vinakwenda upande.

Cha pili ni cha kufungia kwa bolti juu ya sakafu ya zege au ukuta wa msingi. Kama zege ipo tayari na ni nene, hicho kinatosha.

Cha tatu ni cha kuzamisha kwenye zege mbichi. Kwa viwanja vingi vya nyumbani, hasa vya mchanga wa pwani, tunashauri hiki. Si lazima kitoke dukani, fundi wa kuchomelea wa mtaani anakitengeneza.

Tahadhari moja. Viatu hivi ni vya fensi ya waya, ambayo upepo unapita katikati. Ukitaka kuzungushia mabati, upepo utaisukuma kama tanga la jahazi na mti utalegea kwenye bolti. Hapo weka nguzo nzima ya chuma au ya zege.

Cha kumwambia fundi wa kuchomelea

Usimwambie "nitengenezee viatu vya nguzo" ukaishia hapo. Mpe vipimo kwa maandishi. Kwa mti wa unene wa inchi 4, tumia hivi:

- Mikono miwili ya chuma bapa, upana milimita 50, unene milimita 5 au 6, yenye umbo la U na urefu wa sentimita 20 hivi. Mirunda ni ya duara, kwa hiyo mti utachongwa pande mbili ukae vizuri.
- Mguu wa chini wa engo ya milimita 50 kwa 50, urefu wa sentimita 55. Sentimita 50 zinazama kwenye zege, 5 zinabaki juu.
- Matundu mawili ya bolti za milimita 12, zipite mti mzima na kufungwa kwa nati.

Kutu nayo ina hesabu yake. Karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula chuma haraka. Kizuri zaidi ni chuma kilichochovywa zinki baada ya kuchomelewa. Kama huduma hiyo haipo karibu, chuma kisuguliwe kisafi, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, halafu rangi ya mafuta juu yake. Sehemu zilizochomelewa ndizo za kuangaliwa zaidi.

Kuweka

Kwanza mpaka. Kabla hata sululu haijagusa ardhi, ndugu yako amwite jirani na mjumbe, waone bikoni kwa pamoja na wapige picha. Halafu kamba inavutwa kutoka bikoni hadi bikoni.

Shimo liwe sentimita 30 kwa 30, kina 60. Chini weka kokoto kidogo maji yapate pa kwenda. Simamisha kiatu, mimina zege ya uwiano wa 1:2:4, kisha pima kwa pima maji pande mbili kabla halijashika. Juu ya zege pawe na mteremko kidogo wa kutoka nje, maji yasituame kwenye chuma. Zege linyweshewe maji kila siku kwa wiki moja, na waya usivutwe kabla ya hapo. Nguzo za pembeni na za geti zinavutwa zaidi, hivyo mashimo yake yawe na kina zaidi na ziwekewe mihimili ya mshazari.

Mti ukikatwa, sehemu mpya iliyo wazi haina dawa. Ipakwe dawa ya mbao kabla ya kuingia kwenye kiatu.

Hesabu ya kiwanja cha mita 20 kwa 20

Mzunguko ni mita 80. Ukiweka nguzo kila mita 2 unapata 40. Geti la mita 4 linaondoa moja, zinabaki 39. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano ule unatosha karibu mashimo matatu. Kwa hiyo ni mifuko 13 na kitu, nunua 15 ukihesabu pembe na geti. Ukiambiwa 30, uliza ya nini. Ukiambiwa 6, uliza kwa nguvu zaidi, maana mashimo yatakuwa mafupi.

Bei za viatu zinatofautiana mno, pata za mafundi watatu. Tuseme kwa mfano tu kimoja ni shilingi 15,000. Mara 39 ni 585,000. Ni hela, hatukatai. Linganisha na kununua nguzo 39 upya na kulipa ufundi mara ya pili.

Tuma kwa awamu tatu

Ukituma mara kumi, ada za kutuma zinakumaliza. Ukituma mara moja, huna tena la kusema. Sisi tunapenda tatu.

Ya kwanza ni ya viatu na saruji. Kabla ya kulipa viatu vyote, fundi atengeneze kimoja, upigwe picha kikiwa na futi ya kupimia pembeni. Saruji ilipie mwenyewe dukani kwa lipa namba.

Ya pili ni ya kuchimba na kumwaga zege. Itume baada ya video fupi ya mashimo yote, futi ikiwa imesimama ndani. Kikishafukiwa hukioni tena.

Ya tatu ni ya kufunga nguzo na waya. Kubaliana mapema na fundi kwamba sehemu ya ufundi inabaki hadi mvua ya kwanza ipite.

Kaka zetu mlioko kwenye ujenzi Doha na Dubai, haya mnayajua kuliko sisi. Wasaidieni dada zetu kuangalia hizo video.

Na yule dada wa Muscat? Miti yake ilikuwa ya mita 2.4, sentimita 60 zikiwa ardhini. Tukimwondolea sehemu iliyooza inabaki mita 1.6 hivi ya mti mzima, inayotosha fensi yake ya mita 1.5. Waya anao. Kwa hiyo hanunui fensi upya, ananunua viatu, bolti, saruji na ufundi. Bajeti mpya ina mistari kumi na moja, na mstari wa kwanza ni nauli ya ndugu yake kwenda kumwita mjumbe kwa ajili ya ile mihogo.